Mwaka wa Niko Sawa

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno. Ungeketi kwenye kiti chake na nywele tele, ukaondoka na kichwa cheupe na habari za mtaa mzima. Lakini nyumbani kwake, jamani, alikuwa msikilizaji tu, kwa sababu alioa mwanamke aliyemzidi mdomo mara saba. Mkewe alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati, na watu walimwita Pilipili. Wala hawakumwita kwa kificho. Walimwita mbele yake, naye aliitika.

Msimdhanie vibaya. Foleni ya zahanati ile ilikwenda kwa haki kwa sababu yake. Akija bwana mwenye kitambi cha cheo akataka kujipenyeza mbele, Pilipili alimtazama juu ya miwani huku vidole vyake kumi vikiendelea kuchapa kwenye kompyuta bila kuangaliwa, akamwambia, "Mzee, yule mtoto ana homa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ya kwako imeamka saa ngapi?" Watu walivunjika mbavu, na mzee akarudi nyuma kukaa. Nyumbani ndiyo usiseme. Kinyozi akichelewa, alipewa vidonge vyake mlangoni kabla hajavua viatu. Na alivipenda, mwanamume yule! Kesho yake aliwasimulia wateja neno kwa neno, akiiga na sauti, wembe mkononi, mteja anaomba Mungu asicheke akakatwa.

Mtoto hawakujaliwa. Walikuwa wao wawili tu katika chumba na sebule, na kelele zao ziliwatosha.

Ugonjwa ulianza na ndala. Ndala ya mguu wa kulia ilikuwa inamvuka njiani bila yeye kujua, anafika kazini na mguu mmoja una vumbi. Wakacheka. Kisha kikombe kikamponyoka, kisha funguo, kisha siku moja ulimi ukawa mzito katikati ya kumgombeza mtu, na hapo hakuna aliyecheka. Madaktari wakasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaokula misuli kidogo kidogo. Dawa ya kuuponya hakuna. "Ila akili inabaki nzima kabisa," daktari akasema, kwa sauti ya kufariji. Sijui alikuwa anamfariji nani.

Miaka miwili haikupita, Pilipili akabaki na macho na dole gumba la mkono wa kulia. Macho yalikuwa ya kujibu: akitazama juu ni ndiyo, akiyafumba ni hapana. Dole gumba halikuwa na kazi mpaka alipokuja Mtaalamu.

Huyu Mtaalamu alikuwa mama mrefu, mpole, kutoka hospitali kubwa, na kazi yake ilikuwa kuwatafutia njia ya kusema watu waliopoteza sauti. Akaja na kompyuta ya kuazima na kitufe kimoja chekundu, kipana, akakiweka chini ya lile dole gumba. Akawaonyesha. Kwenye skrini kuna visanduku vyenye maneno. Mwanga unapita kisanduku kimoja baada ya kingine, polepole, na mgonjwa akibonyeza, kile kisanduku chenye mwanga kinasomwa kwa sauti. Ukurasa wa kwanza ni wa maneno tayari. Ukurasa wa pili ni wa herufi, ili mtu ajiandikie chochote anachotaka.

"Huu wa maneno mtaujaza wenyewe," akasema. "Nyinyi ndio mnaoishi naye. Lakini muulizeni yeye anataka nini."

Akaahidi kurudi baada ya miezi mitatu. Alirudi baada ya mwaka, maana alikuwa peke yake kwa hospitali nzima na wagonjwa wametapakaa kila upande. Simlaumu. Nikianza kulaumu leo hatutamaliza.

Kazi ya kujaza visanduku ikamwangukia Fundi. Fundi alikuwa mdogo wake Pilipili, tumbo moja, mtu mzima mwenye upara na duka la kutengeneza kompyuta. Alikaa na Kinyozi pale sebuleni, kompyuta juu ya magoti, Kinyozi anataja, yeye anaandika. Visanduku kumi na viwili. Maji. Asante. Ndiyo. Hapana. Niko sawa. Nimeshiba. Nigeuze. Washa redio. Karibu. Pole na kazi. Mungu ni mwema. Kimebaki kimoja.

"Tuweke 'naumwa', shemeji?" Fundi akauliza.

"Ah, tusimtabirie mabaya. Akiumwa si tutamwona usoni?" Kinyozi akafikiri kidogo, akaona aibu kidogo, akasema, "Weka 'nakupenda'."

Na Pilipili alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa hapo hapo! Hatua mbili, kwenye kiti chake cha magurudumu, anawatazama. Mwanamke aliyechapa maneno maelfu kwa siku, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu alipoota meno, anachaguliwa maneno kumi na mawili ya kumtosha maisha yake yaliyobaki, wala hakuna aliyegeuza shingo kumuuliza hata moja. Walifanya kwa upendo. Hilo ndilo linaloniuma mimi. Wangekuwa watu wabaya ningewatukana nikapumua.

Wiki ya kwanza Pilipili hakuyagusa yale maneno tayari. Alikwenda moja kwa moja kwenye herufi. Lakini dole lilikuwa bado halijazoea, mwanga unampita, anarudia, unampita tena. Nusu saa nzima kwa herufi tatu. Jasho likamtoka, machozi yakamtoka, shingo ikamlegea. Kinyozi alivumilia siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu moyo wake ukashindwa.

"Basi, mke wangu, basi. Usijitese." Akamfuta uso. Akampigia simu Fundi. "Shemeji, hizi herufi zinamuua dada yako. Daktari alisema asichoke. Ziondoe, abaki na yale maneno mepesi."

Fundi akaja, akauficha ule ukurasa. Pilipili akafumba macho. Akayafumbua, akayafumba tena kwa nguvu. Akayafumbua, akayafumba.

"Umeona?" Kinyozi akanong'ona. "Hata macho yamechoka. Tumwache alale."

Ndivyo ulivyoanza ule mwaka.

Na ulikuwa mwaka wa raha, kwa Kinyozi. Lazima niseme ukweli. Alitoka kazini jioni, akaingia ndani, ile kompyuta ikamwambia, "Pole na kazi," kwa sauti yake ya kutangaza kwamba maji yatakatika. Akamlisha chakula kilichosagwa, ikamwambia, "Asante. Nimeshiba." Majirani wakija kumjulia hali, inawaambia, "Karibu. Mungu ni mwema." Wakatoka nje wakitikisa vichwa: jamani, ugonjwa umemfunza upole! Pilipili huyu huyu? Amekuwa asali. Kinyozi alisikia na hakukataa. Ilimkaa vizuri. Kuna siku alikuwa anasimama tu karibu na kiti, anasubiri kama mtoto anayesubiri peremende, mpaka mwanga ufike kisanduku cha mwisho na dole libonyeze. "Nakupenda," kompyuta inasema. Miaka ishirini ya ndoa Pilipili hakuwahi kulitamka neno hilo, alikuwa anasema, "Kula, kabla sijampa paka." Sasa mume anasimama hapo amekodoa macho. Alimpa. Angefanyaje?

Jambo moja tu lilimsumbua Kinyozi. Jioni akirudi, baada ya pole na kazi, kompyuta ilianza kwenda kombo. "Niko sawa. Hapana. Niko sawa. Hapana. Niko sawa. Hapana."

Alishtuka siku ya kwanza. Akapiga magoti mbele ya mkewe. "Unaumwa?" Macho yakafumba. "Una njaa?" Yakafumba. "Baridi? Joto? Nikugeuze?" Yakafumba, yakafumba, yakafumba. Kinyozi akasimama, akapangusa magoti. "Basi uko sawa. Ni hii mashine inakwama."

Lakini ikawa kila jioni. Niko sawa, hapana, niko sawa, hapana. Majirani wakaanza kuigiza. Kinyozi mwenyewe akaigeuza kichekesho cha dukani: mteja akiulizwa kama wembe unauma, anajibu niko sawa hapana, duka zima linaangua kicheko. Mwishowe akamwita Fundi aje kutazama kile kitufe.

Fundi akakifungua, akakipuliza vumbi, hakuona kasoro. "Labda dole linatetemeka, linabonyeza lenyewe," akasema. "Ipo dawa. Naiweka mashine ikishasema neno moja iwe kiziwi kwa dakika tano. Akibonyeza bila kukusudia, haitamsikia." Akaweka. Jioni ile kompyuta ikasema, "Niko sawa," ikanyamaza. Wote wawili wakashangilia. Fundi alipewa chai na kuitwa bingwa. Pilipili alibonyeza na kubonyeza, kitufe kikalia ti, ti, ti, kisha hata ti ikaacha kusikika kwa sababu redio ilikuwa imewashwa.

Mtaalamu akarudi siku ya Jumatano, saa sita mchana. Bahati Kinyozi alikuwa nyumbani, na Fundi pia alikuja kumsalimu dada yake. Kinyozi akamkaribisha kwa bashasha zote, akaanza kusifu mashine: imetusaidia sana mama, amekuwa mtulivu, hana neno.

Mtaalamu akamsalimu Pilipili kwanza, kisha akageuza skrini upande wake. Akabofya. Akabofya tena.

"Ukurasa wa herufi uko wapi?"

Kinyozi akaeleza. Akaeleza na ile dawa ya dakika tano, maana alijivunia sana shemeji yake. Mtaalamu alivuta kiti, akakaa, akafungua mahali ambapo wale wawili hawakuwahi kupafungua, hata Fundi na ubingwa wake. Mashine ile hutunza kumbukumbu ya kila kitufe kinapobonyezwa, tarehe na saa, hata yale inayoyanyamazia.

"Nisome?" aliuliza. Hakumuuliza Kinyozi. Alimuuliza Pilipili, na macho ya Pilipili yakaenda juu.

Akasoma. "Tarehe tatu, saa kumi na mbili jioni: niko sawa. Hapana. Hapana. Hapana. Hapana." Akaacha, akahesabu kwa kidole kwenye skrini. "Hapana mara thelathini na moja. Yote ndani ya zile dakika tano. Tarehe nne, saa kumi na mbili na robo: niko sawa, halafu hapana mara ishirini na nane. Tarehe tano." Akaendelea, mwezi mmoja, mwezi wa pili, sauti yake ikizidi kuwa ndogo. "Na hapa mchana, mkiwa hampo. Hapana, hapana, hapana. Hakukuwa na mtu wa kumsikia, ila alisema."

"Mimi nilidhani imekwama," Kinyozi akasema.

"Najua ulidhani, baba." Mtaalamu akamwinamia Pilipili. "Mama, nisamehe kwa kuchelewa. Ulikuwa unataka kusema kwamba hauko sawa?"

Macho juu.

"Ulikuwa unaomba urudishiwe herufi?"

Macho yakaenda juu, yakabaki juu, hayakushuka, mpaka machozi yakajaa yakamwagika yakiteremka mashavuni, na bado hakuyashusha, kwa hofu kwamba akiyashusha wataacha kumwamini.

Kinyozi akili ikamruka. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Fundi alishika upara wake kwa mikono miwili, akainama hivyo hivyo.

Mtaalamu hakuwa na muda wa kuwabembeleza. Alilishika lile dole gumba, akaliomba limsukume. Akaliomba tena. Akaandika kitu kwenye karatasi zake, akawaambia ukweli wote mbele ya mwenyewe, kama inavyopaswa. "Dole hili linaondoka. Sijui ni siku ngapi, lakini hazifiki miezi. Mwaka jana lilikuwa na nguvu za kuandika kitabu. Herufi hizi hapa nimezirudisha, na ule ukiziwi nimeuondoa. Kama ana la kusema, aanze sasa hivi. Na nyinyi mfunge midomo, msimmalizie neno hata kama mnalijua."

Akamfundisha Kinyozi na njia ya akiba. Dole likikataa, wewe taja herufi moja moja kwa sauti, A, B, CH, polepole, na macho yake yakienda juu, hiyo ndiyo herufi, iandike. Kisha akaondoka, kwa sababu kulikuwa na mwingine, mahali pengine, aliyekuwa anamsubiri tangu mwaka jana.

Pilipili alianza kuandika saa nane. Kinyozi alikaa mbele yake ameuma kitana chake cha kazi kwa meno ili asifungue mdomo. Mwanga ulipita, dole likasukuma, herufi ikakaa. Mwanga ukapita mara tano, dole halikuwahi. Fundi alitazama ukutani, hakuthubutu kutazama skrini. Ilipofika saa tisa kasoro, neno lilikuwa tayari, na ile sauti ya tangazo la maji ikasoma:

"Mjinga wewe."

Kitana kikamdondoka Kinyozi. Alicheka! Alicheka mpaka akateleza kwenye kiti akakaa sakafuni. "Ni yeye! Shemeji, sikia, ni yeye! Amerudi!" Akamshika mkewe magoti, akaweka uso wake pale, na kicheko kikageuka bila yeye kujua kimegeukia wapi. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia wakiwa peke yao. Mwaka mzima alikuwa amekaa na mashine yenye adabu akidhani amekaa na mkewe, na mkewe alikuwa ndani humo anapiga ukuta.

Alhamisi hakufungua duka. Pilipili aliandika tangu asubuhi, akapumzika, akaandika tena. Mchana kompyuta ikasoma, bila kupanda wala kushuka: "Naogopa. Ukienda kazini naogopa. Napaliwa na mate. Redio iko juu. Jirani hasikii nikikohoa."

Hapo ndipo Kinyozi alipoelewa. Kila asubuhi kabla ya kutoka alikuwa anamwashia redio, tena anaiongeza sauti, ili asiwe mpweke. Jirani aliyemwomba amwangalizie mkewe alikuwa anapita nje kila saa kutega sikio, anasikia muziki, anajiendea zake akijua mambo ni shwari. Kwenye visanduku kumi na viwili, kimoja kilisema washa redio. Cha kuzima hakikuwapo. Na yeye jioni alipouliza, aliuliza njaa, aliuliza baridi, aliuliza maumivu. Hofu hakuiuliza hata siku moja, kwa kuwa mke wake hakuwa mtu wa kuogopa.

Aliinuka, akaichomoa redio kwenye umeme, akaitoa nje, akairusha kwenye pipa la taka. Majirani walimwona. Hakuwasalimu.

"Mara ngapi ulipaliwa?" akauliza akirudi.

Alijua hilo si swali la ndiyo na hapana. Akakaa, akasubiri. Ilichukua nusu saa. "Sikuhesabu," kompyuta ikasema.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Fundi, maana alikuja asubuhi, akaegemea mlango, akawa anafuta macho kwa mkono wa shati kila dakika. Dada yake alimwandikia: "Acha kulia. Nywele zimekwisha, kilio bado hakijaisha?" Fundi akacheka huku kamasi zinamtoka, akaomba msamaha, na alipomaliza kuomba dada akaongeza neno moja, "Nimesikia." Hakusema zaidi. Kidole kilikuwa kimechoka, na sasa mwanga uliwekwa uende polepole kuliko jana.

Jumamosi Kinyozi alipiga moyo konde akauliza lile lililomkaa kooni. "Umenikasirikia?"

Macho juu.

"Sana?"

Macho juu. Kisha akaanza kuandika, na Kinyozi akadhani litakuja neno la kumpoza, kwamba pamoja na hayo yote, kwamba hata hivyo. Watu tulivyo! Alipomaliza, sauti ikasoma, "Bado nimekasirika."

"Kasirika, mke wangu," akasema. "Nipe vidonge vyangu vyote. Nitameza."

Na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule walikaa jioni nzima wakiwa wawili kweli. Kinyozi alimsimulia mambo ya duka, na alipotia chumvi alitazamwa kwa jicho lile lile la juu ya miwani, ijapokuwa miwani hakuwa amevaa. Akaipunguza chumvi. Aliogopa kwenda kulala. Alikuwa anahesabu siku, na alikuwa anatamani kuzirudisha nyuma kwa mikono: Machi, Aprili, Mei, mwezi wote wa sita alipokuwa anawachekesha watu dukani kwa niko sawa hapana.

Jumapili, baada ya kula, Pilipili aliangalia skrini, na alipoanza, ilionekana kabisa kwamba hili ni jambo alilolipanga. Hakuwa anajibu swali. Alikuwa mtulivu. Dole lilisukuma, likapumzika muda mrefu, likasukuma. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi. Kinyozi hakupapasa hata kikombe chake. Herufi zilikaa moja moja, na neno la pili likakamilika, na kwenye skrini palikuwa na:

nilitaka kukuambia

Mwanga ukazunguka. Ukafika mwisho, ukaanza upya. Ngozi ya dole gumba ilitikisika, kitufe hakikushuka. Mwanga ukazunguka tena. Kinyozi aliona mshipa wa shingo ya mkewe umesimama kwa nguvu anazotia, nguvu za mwili mzima zikitafuta njia ya kufika kwenye kidole kimoja, na hazifiki. Alitaka kulisukuma yeye. Mkono wake ulikuwa umekwishanyoka. Akaurudisha.

"Nitaje herufi?" aliuliza.

Macho yakaenda juu, lakini kwa uzito, kope zinacheza.

"A," akasema. "B." Kope zikashuka. Akaacha kutaja. Mwaka uliopita angesema amelala. Sasa akauliza: "Umechoka? Tumalizie kesho?"

Macho yakapanda kidogo, yakashuka. Kesho.

Jumatatu alfajiri alikuwa na homa na kifua kinakoroma. Walimpeleka hospitali kwa gari la mteja wa Kinyozi. Madaktari wakasema mapafu yamejaa, na kwamba misuli ya kuvutia pumzi haina nguvu ya kupambana. Wakamwekea hewa puani. Macho yake hayakufunguka.

Jumanne mchana, kwenye wodi iliyojaa jua, wagonjwa wa vitanda vya jirani walimsikia mtu mzima akisoma alfabeti. A. B. CH. D. Anainama kutazama kope. E. F. G. Anafika Z, anakunywa maji, anaanza tena. Muuguzi alidhani amechanganyikiwa, akataka kumtoa nje kwa upole apumzike.

"Kuna kitu alikuwa ananiambia," Kinyozi akamwambia. "Amebakiza kidogo tu."

Muuguzi akamwachia. Alisoma mpaka sauti ikakauka, na Fundi akampokea, akasoma yeye, na Kinyozi akabaki kutazama kope. Jumatano saa nne asubuhi, Fundi akiwa kwenye herufi M, Pilipili alikata roho.

Watu walijaa msibani mpaka barabarani. Nusu yao walikuwa wale aliowahi kuwarudisha nyuma kwenye foleni. Fundi alikuwa amebeba ile kompyuta kwenye begi. Walitakiwa kuirudisha hospitali, na kabla ya kuirudisha alitaka kutoa maneno ya dada yake yapigwe chapa, watu wayasome. Akamvuta Kinyozi chumbani, akamwonyesha skrini. Maneno mawili bado yalikuwa pale.

"Shemeji, hili la mwisho linauma likikaa hivi," akasema. "Tulimalizie tu. Kila mtu anajua alitaka kusema nini. Alitaka kukuambia anakupenda. Au amekusamehe. Mimi namjua dada yangu."

"Mimi pia nilimjua," Kinyozi akasema. "Nilimjua mwaka mzima."

Fundi akainamisha kichwa. Kinyozi akaisoma skrini mara moja zaidi, akamwomba aichape vile vile ilivyo, pasipo hata nukta, kisha aizime. Akatoka nje kukaa na watu.

Shangazi wa marehemu, mama wa makamo aliyesafiri siku mbili, akasogea akaketi kando yake, akamshika mkono. Hakuwa amemwona Pilipili tangu alipougua. "Mwanangu," akasema, "mwishoni aliweza kusema chochote?"

"Alianza, shangazi."

"Akasema nini?"

"Kwamba alitaka kuniambia kitu."

"Kitu gani, baba?"

Kinyozi alitazama mikono yake. Watu wa karibu walikuwa wamegeuka kusikiliza, maana walizoea kumsikiliza.

"Hakufika," akasema. "Alikuwa na mwaka mzima wa kukisema, na huo mwaka niliumaliza mimi."